Bega la Mchoraji, Nyonga ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Jirani yangu Mama Kipimo,

Nimefika salama. Nakuandikia wewe kabla ya mume wangu kwa sababu wewe nitakwambia ukweli na yeye nitamdanganya, na uongo unataka kichwa kilichotulia.

Mtaani niliaga kwamba naenda kumsaidia mdogo wangu kupanga vyombo kwenye nyumba mpya. Kuhama kahama kweli, yuko ghorofa ya tatu. Ila vyombo alishavipanga tangu mwezi wa kwanza. Mimi nimekuja kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Ile ya kulia, ambayo miaka miwili mizima nimekuwa nikiwaambia ni msuli tu.

Daktari amenionyesha picha. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo, kama limau kubwa, na kinazunguka ndani ya kikombe kwenye mfupa wa nyonga. Baina yao kuna gegedu, kitu laini kinachoteleza, na ute wa kukilainisha, kama yale mafuta unayoitilia cherehani yako kila Jumatatu. Gegedu yangu imekwisha. Mfupa unasaga mfupa. Sasa watakitoa kichwa hicho na kuniwekea cha chuma, na kikombe kipya cha kukipokea. Ni tarehe kumi na moja.

Mume wangu asijue. Unamjua alivyo. Nilipokwenda kung'oa jino, aliyezimia ni yeye. Daktari akaniacha mdomo wazi na koleo ndani, akaenda kumpepea. Sitaki niwe kitandani nikiwaza nani anampepea. Simu nimeiacha kabatini makusudi, maana akinisikia sauti tu atajua. Tumeoana miaka thelathini na nne. Barua zitakuja kwa ofisi ya mabasi, mdogo wangu ataniletea.

Naomba mambo mawili. La kwanza, funga mdomo. La pili, muangalie asipande ngazi. Mwaka jana alipoanguka na kopo la rangi aliniapia kuwa hapandi tena. Ana miaka sitini na mbili na bado anadhani ni paka.

Jirani yako,
Mwalimu

*

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu wangu mpenzi,

Barua yako ya vyombo nimeipata. Sahani ishirini na nne na masufuria kumi na moja! Mdogo wako anafungua hoteli?

Umesahau simu. Ililia kabatini asubuhi, nikadhani ni panya amejifunza muziki. Basi tuandikiane. Wewe unajua nafurahi kushika kalamu kuliko simu. Tazama hiyo M ya jina lako hapo juu, nimeichora mara tatu ndipo ikaniridhisha.

Habari njema: yule mwenye duka la dawa pale kwenye kona anataka bango jipya. Herufi nyekundu, kivuli cha bluu, kimo cha mtu mzima. Litakaa juu kabisa, chini ya paa. Usikunje uso. Nitalichora chini, wengine watalipandisha. Nilikuapia, na kiapo ni kiapo.

Mama Kipimo anakuja kuniangalia mara nne kwa siku. Anachungulia, anatazama miguu yangu iko wapi, anaondoka. Sijui kapatwa na nini.

Jana nilimimina chai vikombe viwili. Nikavinywa vyote, lakini sikupenda.

Mumeo,
Mchoraji

*

Jumatatu, 10 Machi

Mume wangu,

Kesho tuna kazi nzito hapa, kuna kabati kubwa la kuhamisha. Huenda nisiandike siku kadhaa. Usiwe na wasiwasi.

Dawa yako ya presha iko kwenye kopo la majani ya chai. Hati ya nyumba iko chini ya godoro upande wangu. Shati lako jeupe la heshima limepigwa pasi.

Na ule mlango wa jikoni ulioupaka rangi ya machungwa bila kuniuliza, nikakununia wiki mbili. Nimeufikiria sana. Ni mlango mzuri.

Mkeo,
Mwalimu

*

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu wangu mpenzi,

Umeusifu mlango wa jikoni. Unaumwa? Na hati ya nyumba inaingiaje kwenye kuhamisha kabati?

Mimi ni mzima wa afya. Mabega yangu yote mawili yako mahali pake. Utaona mwandiko umebadilika kidogo. Ni kwa sababu ya kalamu mpya, inateleza upande. Ukiona vitone vya i vimekuwa viduara, ni kalamu hiyo hiyo.

Nimesoma mahali fulani jambo la ajabu. Ulijua kwamba bega ndilo kiungo chenye uhuru kuliko vyote mwilini? Kiwiko ni kama bawaba ya mlango, kinakwenda na kurudi, basi. Lakini bega! Kikombe chake ni kifupi kama kisahani cha chai, na kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu yake kama chungwa. Ndiyo maana mkono unafika juu, nyuma, pembeni, popote. Kinachouzuia usidondoke ni misuli na kano tu. Sasa uhuru huo una hasara yake. Mkono ukivutwa kwa kishindo, mfupa unachomoka. Mathalani, nasema mathalani tu, mtu akiteleza mahali pa juu akajishika kwa mkono mmoja. Hapo lazima waje watu wawili, mmoja amshike kifua na mwingine amvute mkono taratibu mpaka usikie "klop", na huyo mtu analia kama mtoto. Nimesoma tu.

Bango limeshapandishwa, bado kunyooshwa kidogo. Kazi imesimama kwa muda. Rangi inakauka.

Mumeo mzima kabisa,
Mchoraji

*

Jumanne, 18 Machi

Mama Kipimo,

Nina chuma nyongani, nina nyuzi ishirini na moja pajani, na nina swali moja.

Kwanza habari. Upasuaji umekwenda vizuri. Siku ya pili tu waliniamsha nisimame. Nilidhani wananitania. Kuna mwanamke hapa wa mazoezi ya viungo, mfupi, ana filimbi shingoni kama refa. Anasema kiungo kisipotumika kinashikamana, ute haufiki kwenye gegedu, misuli inalegea, na nyonga nzuri inakaa bure kama kiti cha wageni. Nilimwambia nimefundisha hesabu miaka thelathini na sijawahi kupigiwa filimbi na mtu. Akaipiga. Nilitembea hatua sita na fremu, nikalia, akaniambia kesho nane. Hawaniruhusu kutoka mpaka nifike mlango wa wodi, hatua thelathini na moja, maana kwa mdogo wangu ni ngazi tupu. Kusema kweli naogopa. Kila nikiinua mguu ule nahisi si wangu, nahisi nimeazimwa.

Sasa swali. Nimepokea barua kutoka kwa mume wangu. Maneno yake, mwandiko si wake. Anasema ni kalamu. Mama Kipimo, huo mwandiko naujua. Uko kwenye karatasi uliyoibandika kwenye gauni langu la kijani, imeandikwa "kiuno kimeongezeka", na kila i ina kiduara kama shanga.

Kwa nini wewe unaniandikia "mpenzi" kwa niaba ya mume wangu?

Mwalimu

*

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu, jirani yangu kipenzi,

Pole na nyuzi, hongera kwa hatua. Nimefurahi mpaka nimeshona mkono wa blauzi ya mteja mahali pa shingo.

Swali lako nimelisoma mara tano. Mwenzio nimebanwa. Nimeapishwa na watu wawili wa nyumba moja, kila mtu na lake, na mdomo wangu umeshonwa pande zote kama foronya. Kwa hiyo sitasema kitu. Nakuomba tu ukumbuke kwamba mtu anaweza kuandikiwa barua na jirani kwa sababu nyingi, na mapenzi ni mojawapo tu.

Nikueleze wazi usije ukasikia kwa wengine: ni kweli asubuhi nakuja nyumbani kwako kumfunga mume wako vifungo vya shati. Jioni nakuja kuvifungua. Hilo lina maelezo yake mazuri kabisa, ila siwezi kuyatoa. Jana alinilalia begani akilia, na hilo nalo lina maelezo.

Neno "mpenzi" alilisema yeye. Mimi niliandika kama nilivyosikia.

Usiwaze chochote. Tembea.

Jirani yako mwaminifu,
Mama Kipimo

*

Jumamosi, 22 Machi

Wewe mwanaume,

Vifungo vya shati!

Nachukua karatasi ya kwanza iliyo karibu maana nikingoja nitafute nyingine nitapasuka. Miaka thelathini na nne nimekufunga tai kwenye harusi na misiba, hujawahi kushindwa kifungo. Leo umekuwa mtoto wa chekechea? Na unamlilia begani fundi cherehani? Bega lake ndilo hilo ulilolisomea? "Kiungo chenye uhuru kuliko vyote!" Nimeuona uhuru wako!

Nakuuliza mara moja tu. Nani anaandika barua zako, na kwa nini mkono wako hauandiki? Usinijibu habari za kalamu. Unajua kwamba mifupa ya fuvu nayo ina viungo, ila vile havisogei hata kidogo, vimeshonana moja kwa moja? Ndivyo ulivyo wewe kichwani. Mtu anakusukuma kwa ukweli upande huu na upande ule, husogei.

Nilikuwa na mambo ya kukwambia. Mambo makubwa. Sasa sikwambii.

Mwalimu

*

Jumanne, 25 Machi

Mwalimu wangu,

Hii naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana inafanana na kuku aliyekanyaga wino. Nimeanza tangu asubuhi.

Nilipanda ngazi. Hayo ndiyo yote. Tarehe kumi na mbili. Waliopandisha bango walilipandisha likiwa limepinda, herufi ya kwanza ikawa inaangalia mbinguni, na mimi siwezi kuishi mtaa mmoja na herufi iliyopinda. Nikapanda niinyooshe. Ngazi ikaondoka, mimi nikabaki nimeshikilia bango kwa mkono wa kulia kama nguo kwenye kamba. Bega likachomoka. Muuza dawa na mteja wake mmoja ndio walionipeleka zahanati. Nilifungwa mkono kifuani, vidole havifiki hata kwenye kifungo cha shati. Mama Kipimo nilimuapisha asikwambie. Niliogopa macho yako, na zaidi ya hapo niliogopa kama mkono huu utachora tena. Daktari anasema utachora nikitulia. Siku nilipomlilia jirani ndiyo siku nilipojaribu kuandika M nikashindwa.

Hayo yangu. Sasa yako.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipomaliza nikaigeuza kuona kama kuna tusi lililobaki. Upande wa pili kuna picha ya mtu amelala chali anateleza kisigino. Imeandikwa: "Zoezi la nne. Usikunje nyonga kupita kiasi. Usikae kwenye kiti kifupi. Usipishanishe miguu." Chini kuna muhuri wa hospitali na namba ya kitanda, tisa. Na chini kabisa kuna mwandiko wako wa hesabu: 6, 8, 11, 15, 15, 19.

Nilikaa sakafuni. Sikuzimia. Nataka ijulikane kwamba sikuzimia.

Umeingia chumba cha upasuaji, na mimi niko hapa nabishana na muuza dawa kuhusu kivuli cha bluu. Umeniaga kwa mlango wa jikoni! Kama ungeondoka huko, mimi ningejuaje? Ningeletewa masufuria kumi na moja?

Siwezi kukukasirikia vizuri kwa mkono wa kushoto. Nakuja nikukasirikie mwenyewe. Alhamisi, basi la alfajiri.

Mumeo,
Mchoraji

Mimi Mama Kipimo naongeza hapa chini. Alizimia. Na sasa kwa kuwa wote mmeshajisema, naomba kutangaza kwamba sijawahi kupata siku ngumu kama hizi tangu nizaliwe. Mkipata ugonjwa mwingine, apishaneni wenyewe kwa wenyewe.

*

Alhamisi, 27 Machi, saa sita mchana
Kwenye benchi, nje ya wodi

Mwalimu,

Nimefika. Niko upande wa pili wa mlango huu. Muuguzi anasema wageni saa kumi, sheria ni sheria. Nimemwambia nimesafiri tangu alfajiri na bega bovu. Akasema hapa kila mtu ana kiungo kibovu, ndiyo maana tuko hapa. Amekubali kukupelekea karatasi hii.

Uko hai?

Mchoraji

*

Kitanda namba tisa, saa sita na robo

Niko hai, ila mshituko uliponipata nimekunja nyonga kupita kiasi, na filimbi imelia.

Umekunywa chai? Kaa upande usio na dirisha. Kuna mtu anapita hapo na sinia la sindano, ukimuona tazama viatu vyako.

Mbona umekuja, mwanaume? Nani anakufunga vifungo huko?

Mwalimu

*

Benchi, saa sita na nusu

Vifungo kanifunga dereva wa basi.

Yule wa sinia amepita. Nimetazama viatu. Halafu akatokea mwanamke mfupi mwenye filimbi, akaniuliza mkono umefungwa tangu lini. Nikasema wiki mbili na siku moja. Akasema bega likikaa hivyo bila kusogezwa hata kidogo linaganda kama rangi iliyosahaulika bila kifuniko, hapo ndipo utakapoacha kuchora kweli. Ameufungua mkono, ameniinamisha, ameuacha uning'inie, ananiambia niuzungushe taratibu, duara dogo, duara dogo. Watu wote wa benchi wananitazama. Mwalimu, nimechora duara! Hewani, lakini ni duara.

Nisamehe kwa ngazi. Ile herufi ilikuwa imepinda sana.

Nataka kukuona na saa kumi ni mbali.

Mchoraji

*

Kitanda namba tisa, saa saba kasoro dakika kumi

Mume wangu,

Nimemuuliza muuguzi: sheria inasema mgeni asiingie kabla ya saa kumi, je, inasema mgonjwa asitoke? Amefikiri. Amesema mgonjwa anayeweza kufika mlangoni kwa miguu yake hana wa kumzuia.

Ni hatua thelathini na moja. Mpaka jana nilikuwa sijavuka kumi na tisa. Pale kwenye ya ishirini kila siku roho inanitoka na narudi kitandani nikisema kesho.

Nakuja. Usinifuate hata ukisikia nimenyamaza. Una mkono mmoja na mimi nina mguu mmoja na nusu, tukiangukiana hawatajua waanze na nani. Mlango ukifunguliwa anza kuhesabu kwa sauti, nikusikie.

Mwalimu

*

Jumapili, 30 Machi

Jirani yetu Mama Kipimo,

Naandika mimi kwa niaba yetu sote, maana sasa zamu ya kumuandikia ni yangu na hapa hakuna viduara.

Najua huli hulali unataka kujua. Mlango ulifunguliwa, nikamuona mwisho wa wodi amesimama na shati lake jeupe la heshima, vifungo vimepishana kimoja, mkono mmoja umefungwa tena kifuani. Akaanza kuhesabu. Sauti yake ile ya kumuita mtu sokoni, wodi nzima ikaamka. Wagonjwa wa vitanda vyote wakadakia. Nilipofika kumi na tisa miguu ikagoma. Nikasimama. Nikaona anataka kukimbia aje, mwenye filimbi akamshika kola. Basi nikafanya alivyonifundisha yule mwanamke: fremu mbele, mguu mbovu, mguu mzima. Ishirini. Fremu, mbovu, mzima. Ishirini na moja.

Kwenye ishirini na nne mume wangu alianza kulia na akapoteza hesabu. Akaruka akasema ishirini na saba. Nikasimama pale pale katikati ya wodi, jasho linanitoka, nikamwambia, "Hapana. Umeruka. Rudia kuanzia ishirini na nne." Hatua za kupewa sizitaki. Akarudia. Wodi nzima ikarudia.

Thelathini na moja nilimkanyaga kiatu.

Hakuwa na hasira yoyote ile aliyosema anakuja nayo. Aliniegemeza kichwa kwenye bega lake zima, akasema, "Mwalimu, unanuka hospitali." Halafu akazimia, taratibu, akateleza ukutani mpaka chini. Mimi ndiye niliyempepea, kwa karatasi ya mazoezi, nimesimama wima kwa miguu yangu miwili. Mwenye filimbi ameandika kwenye faili langu: amesimama dakika nne bila msaada.

Tunarudi Jumamosi kwa basi la mchana. Gauni la kijani lipanue, sijali umeandika nini. Na tafadhali uwe mlangoni utufungulie, kwa sababu baina yetu tuna mikono mitatu tu mizima, na yote ina kazi: miwili yangu iko kwenye fremu, na mmoja wake amekataa kuuondoa mgongoni kwangu.

Jirani zako,
Mwalimu na Mchoraji